Vita vya Februari, Dizeli ya Mei

Daftari la baba mdogo ninalo mimi. Ni daftari la kawaida la shule, jalada lake limelainika kwa jasho na oili. Humo ameandika kwa kalamu ya bluu tarehe, kijiji alikopakia, kilo, lita alizojaza, na mwisho wa mstari neno moja kwa herufi kubwa: FAIDA. Kuanzia tarehe 4 Mei 2022 safu hiyo ya mwisho inaanza kuugua. Tarakimu zinapungua, kisha vinakuja vistari, kisha ukurasa mzima hauna kitu hapo. Kilo na lita aliendelea kuziandika mpaka Agosti. Faida aliacha kuitafuta.

Ameniruhusu kuyaeleza haya kwa sharti moja, nisimtaje jina. Nami nayaeleza kwa kuwa kila msimu wa pamba ukikaribia namkuta kijana mwingine, Lamadi au hapa Bariadi, anayetaka kununua gari la mizigo. Ukikaa naye akakufungulia hesabu zake, unasikia sauti ya baba mdogo.

Simiyu ni mkoa wa pamba. Ulimegwa kutoka Shinyanga na Mwanza mwaka 2012, na wilaya zake zote tano, Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, zinalima zao hilo. Ukisafiri mwezi Juni utaona miiba ya kando ya barabara imevaa nyuzi nyeupe zilizodondoka kwenye magari. Mkulima anauza kijijini kwenye chama cha ushirika, AMCOS, pamba inapimwa, inalala ghalani au nje chini ya turubai, na kutoka hapo ni lazima ifike kiwandani ikachambuliwe. Kati ya mzani wa kijijini na kiwanda kuna kilomita nyingi za changarawe, na mwenye lori la Fuso ndiye anayezivusha. Baba mdogo alikuwa nayo moja. Kwa miaka kadhaa ilimlisha, ikasomesha watoto, ikaezeka nyumba bati.

Mwaka 2022 aliona dalili njema. Pamba ilikuwa imepanda sana duniani, na kufikia Mei ilifika bei ambayo haikuwa imeonekana kwa zaidi ya miaka 10. Wakulima walikuwa wamelima kwa matumaini. Mwishoni mwa Machi aliuza ng'ombe tisa, akakopa kiasi kilichobaki, akaenda Mwanza kuchukua Fuso ya pili, mtumba lakini yenye injini nzima. Wiki ya kwanza ya Aprili akakaa na mnunuzi mmoja wa pamba wakaandikiana. Nauli ilikuwa kwa tripu, bei moja kwa msimu mzima. Kwa hesabu yake, tripu ya kwenda na kurudi ingekula dizeli lita 40, na baada ya kumlipa dereva, utingo na vibarua wa kupakia, na kuweka ya matairi, ingebaki shilingi 30,000.

Nilimkuta jioni ya siku ile amekaa chini ya mwarobaini, uso umetulia.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mwanangu. Kaa hapa nikuoneshe."

Akanionesha karatasi. Nilimuuliza jambo moja tu, kuhusu mafuta, maana Urusi ilikuwa imeivamia Ukraine tangu tarehe 24 Februari na redio haikuwa na habari nyingine. Akanijibu kama mtu aliyekwisha kulifikiria jambo hilo akalimaliza. "Vita imeshapandisha, mwanangu. Bei unayoiona leo sheli ndiyo ya vita. Kilichobaki ni kushuka." Mwezi ule bei kikomo ya Dar es Salaam ilikuwa shilingi 2,861 kwa petroli na 2,692 kwa dizeli, nasi wa Bariadi tunaongeza juu yake nauli ya kilomita zaidi ya 1,100. Kweli ilikuwa imepanda. Nilinyamaza, kwa sababu nami niliamini hivyo hivyo.

Hapo ndipo lilipo kosa lenyewe, na nataka nilieleze polepole. Baba mdogo alijua vita viko wapi na vinafanya nini. Hakujua ile bei ya Aprili imetoka siku gani.

Mafuta tunayotumia hayasafishwi hapa nchini. Kiwanda cha TIPER pale Kigamboni, kilichofunguliwa mwaka 1966, kilikoma kusafisha zaidi ya miaka 20 iliyopita. Tunanunua petroli na dizeli iliyokwisha kutengenezwa, sehemu kubwa kutoka nchi za Ghuba na India. Tangu mwaka 2012 makampuni hayaagizi kila moja kivyake. Yanaagiza kwa pamoja, kwa zabuni, na siku hizi anayesimamia ni Wakala wa Uagizaji wa Mafuta kwa Pamoja. Oda inawekwa miezi kabla. Meli inapakia, inakatiza bahari, inasubiri zamu yake Dar es Salaam, Tanga au Mtwara, kisha inashusha. Siku za kusubiri nazo zinalipiwa. Baada ya hapo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inakusanya gharama zote: bei ya soko la dunia ya wakati mzigo uliponunuliwa, usafiri wa meli, bima, thamani ya shilingi mbele ya dola, kodi na tozo. Halafu kila Jumatano ya kwanza ya mwezi inatangaza bei kikomo, wilaya kwa wilaya, Bariadi ikiwamo.

Kwa mwendo huo, bei ya mwezi Mei ilibeba soko la dunia la mwezi Machi. Na ile ya Aprili, ambayo baba mdogo aliiona chini ya mwarobaini akadhani ndiyo ya vita, ilikuwa ya Februari. Vita vilikuwa vimeigusa kidogo tu mwishoni. Machi yenyewe, mwezi ambao pipa la mafuta ghafi lilikaribia dola 140 kwa siku moja, ilikuwa bado iko baharini inakuja.

Ilishuka pampuni usiku wa kuamkia Jumatano tarehe 4 Mei.

Baba mdogo alikuwapo. Gari la kwanza lilikuwa linajiandaa kwenda Itilima alfajiri, na dereva alichelewa kujaza. Anasimulia kwamba mhudumu wa sheli alipanda ngazi fupi akiwa na tochi mdomoni, akaanza kubandua tarakimu kwenye ubao. Akabandua za zamani, akaweka mpya. Akashuka, akasogeza ngazi, akafanya hivyo hivyo kwenye mstari wa pili. Dar es Salaam petroli ilikuwa imekwenda 3,148 na dizeli 3,258. Dizeli ilikuwa imepanda shilingi 566 kwa lita kwa usiku mmoja.

Zidisha kwa lita 40. Ni shilingi 22,640 kwa tripu. Katika ile 30,000 aliyoiandika kwa kalamu ya bluu, zilibaki 7,360, na hapo tairi halijapasuka na gari halijakwama mtoni.

Kuna jambo katika tarakimu zile ambalo wengi tulilipita. Aprili dizeli ilikuwa chini ya petroli. Mei ikawa juu yake. Haikuwa bahati mbaya. Urusi ilikuwa ikiiuzia Ulaya dizeli nyingi mno, karibu nusu ya ile ambayo Ulaya iliagiza kutoka nje. Vita vilipoanza, wanunuzi wa Ulaya wakaanza kuikimbia dizeli ya Urusi na kutafuta nyingine, wakaifuata Ghuba na India, kwenye visima na mitambo ileile inayotuhudumia sisi, wakiwa na mifuko mirefu kuliko yetu. Sisi hatukuhitaji kununua hata lita moja kwa Warusi ili vita vile vituguse. Ilitosha kwamba tajiri alikuja kupanga foleni mahali tunapopanga sisi. Mwenye gari dogo la petroli aliumia. Mwenye lori, trekta, au mashine ya kusaga ya dizeli kijijini kusikofika umeme, aliumia zaidi.

Baba mdogo alimwendea mnunuzi kuomba waketi upya. Alijibiwa kwa upole kwamba mkataba ni mkataba. Simlaumu sana aliyejibu hivyo. Karatasi ilikuwa na sahihi mbili, na moja ilikuwa ya baba mdogo.

Baba yangu mzazi, ambaye ni kaka yake mkubwa, aliposikia aliguna tu. Baadaye ndipo akasema kwamba ameyaona haya akiwa kijana. Vita vya Oktoba 1973 kati ya Waarabu na Israeli vililitoa pipa kwenye dola kama 3 likafika karibu 12 kabla mwaka mpya haujazeeka. Hata hivyo anachokikumbuka kwa uchungu ni miaka ya 1979 na 1980. Mfalme wa Iran aliikimbia nchi yake Januari 1979. Miezi hiyo hiyo majeshi yetu yalikuwa yakipigana na Idi Amin, na Kampala ilianguka Aprili. Nchi ilikuwa imetumia mafuta, malori na fedha za kigeni vitani, na ilipogeuka kununua mengine ikakuta pipa lililokuwa chini ya dola 15 linaelekea 30 na kupita. Mwaka 1980 Irak na Iran nazo zikaanza kupigana. Hapa kwetu ukaja wakati wa kukataza magari binafsi kutembea Jumapili mchana. Mzee anasema pamba ilikuwapo, imevunwa, imepimwa, imelala ghalani, na wakulima wanaingoja kama mtu anavyongoja mgonjwa aamke. Lori lilikuwapo. Dizeli ndiyo haikuwapo. Kwa pamba ile nchi ingepata dola za kununulia dizeli, na bila dizeli pamba haikufika bandarini.

"Tatizo lako siyo vita," akamwambia mdogo wake. "Umejifunga bei ya msimu mzima juu ya kitu kinachobadilishiwa bei kila mwezi na watu usiowajua."

Juni kulikuwa na nafuu kidogo. Serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100, na Jumatano ya tarehe 1 Juni dizeli Dar es Salaam ikatangazwa kwa 3,131. Bila ruzuku ingepita 3,400. Ninaitaja kwa sababu watu husema haikusaidia kitu. Kwenye daftari lile ninaiona wazi, kuna siku chache ambazo safu ya FAIDA imepata tena tarakimu. Lakini ruzuku ilikuwa fedha iliyobanwa kutoka kwenye matumizi mengine ya Serikali, na haikuweza kuishinda bahari. Juni hiyo hiyo soko la dunia lilikuwa limepanda tena. Kwa hesabu ileile ya miezi miwili, mzigo huo ungeshuka Agosti.

Na Agosti ilipofika, petroli Dar es Salaam ikawa 3,410 na dizeli 3,322.

Gari la pili lilikuwa limepaki uani kwa wiki mbili. Kuku walikuwa wanataga chini ya bodi. Mkopo ulikuwa unadai. Dalali alikuja kutoka Mwanza, akazunguka gari mara mbili, akapiga tairi kwa kisigino, akataja bei iliyokuwa pungufu ya ile ya Machi kwa kiasi cha ng'ombe wanne. Baba mdogo akakubali. Alisema haoni mwisho wa bei hii.

Mwisho wake ulikuwa umeshatangazwa. Tangu katikati ya Juni pipa lilikuwa linateremka duniani, Julai likateremka zaidi, na redio ilikuwa inasema kila jioni. Tarehe 7 Septemba EWURA ikatangaza bei mpya, imeshuka. Huyo aliyenunua Fuso yetu aliipeleka kubeba mpunga, na nilisikia ilimfaa.

Mtu mmoja amefanya kosa moja mara mbili, akielekea pande mbili tofauti. Aprili alidhani bei imefika kileleni, kumbe ilikuwa bado chini ya mlima. Agosti alidhani mlima hauna kilele, kumbe ameshakipita. Mara zote mbili alisoma ubao wa sheli kama habari ya leo. Ubao ule unasimulia mambo ya miezi miwili nyuma. Habari ya leo iko redioni, katika vita, vikwazo, mkutano wa wauza mafuta, meli iliyopigwa au mlango wa bahari unaotishiwa kufungwa. Hiyo ndiyo itakayobandikwa kwenye ubao baada ya miezi miwili.

Kuhusu mlango wa bahari nieleze kidogo, kwa sababu vijana huniuliza kwa nini Iran ikikohoa Maswa tunapata homa. Kati ya Iran na Oman kuna mlangobahari wa Hormuz, ambao mahali pembamba zaidi haufiki kilomita 40. Mwaka 2024 karibu mapipa milioni 20 kwa siku yalipita hapo, kama sehemu moja ya tano ya mafuta yote yaliyotumiwa duniani. Mengi ya mafuta ya Ghuba hayana njia nyingine ya kutokea, na sehemu kubwa ya petroli na dizeli yetu inatoka upande huo. Si lazima ufungwe. Bima ya meli ikipanda kwa hofu tu, gharama hiyo inapandishwa melini pamoja na mafuta na inashuka nayo Dar es Salaam.

Mwaka 2023 ulimfundisha baba mdogo jambo jingine, na huko sikai sana. Bei ya dunia haikuwa ya kutisha, lakini dola zilikuwa adimu. Marekani ilikuwa imepandisha riba tangu Machi 2022 na fedha zikakimbilia kwao. Mwagizaji wetu akawa na shilingi za kutosha asipate dola za kumlipa mwenye meli. Julai na Agosti mafuta yakawa ya kutafuta mikoani. Petroli Dar es Salaam ilitoka 2,736 mwezi Julai ikaenda 3,199 Agosti. Mwaka huo huo bei ya pamba ya kuanzia ilikuwa shilingi 1,060 kwa kilo, na mkulima aliyekuwa amecheka mwaka uliotangulia akaanza kuuliza ng'ombe yupi auzwe. Pamba nayo haiko peke yake duniani: mshindani wake ni poliesta, na poliesta inatengenezwa kwa mafuta, hivyo pipa likishuka, nyuzi zetu nazo hukosa mteja wa kubembeleza.

Wakati ule wa uhaba wapo waliojaza madumu wakayaweka chumbani wakingoja bei ipande. Baba mdogo alikataa, na nilimshukuru Mungu kwa hilo. Nyumba ya bati, jiko la mkaa, watoto, na petroli chini ya kitanda.

Amebaki na Fuso ile ya kwanza. Daftari jipya nimeliona. Kwenye ukurasa wa mbele amebandika tangazo la EWURA la mwezi ambao mkataba umesainiwa, amepigia mstari bei ya dizeli ya Bariadi, na chini yake amenakili kifungu alichokubaliana na mteja wake: dizeli ikipanda au ikishuka zaidi ya shilingi 100 kwa lita kutoka bei hii, nauli inakokotolewa upya kwa lita 40 za tripu. Mteja wa kwanza alikikataa kifungu hicho. Baba mdogo akamwacha, akakaa wiki tatu bila kazi, na haikuwa rahisi, mama mdogo alikuwa na maneno yake. Wa pili alikisoma mara mbili, akauliza, "Na ikishuka unanirudishia?" Akajibiwa ndiyo. Akasaini.

Ijumaa tarehe 13 Juni 2025 simu yangu iliita mapema, jua halijapanda.

"Mwangaluka, mwanangu. Umesikia ya Iran?"

Nilikuwa nimesikia. Israeli ilikuwa imeishambulia usiku ule, na pipa lilikuwa limeruka asubuhi hiyo hiyo.

"Hiyo ni ya Agosti," akasema.

Nilipofika kwake wiki ile nilikuta kalenda ya ukutani, ile yenye picha ya mbuga. Kwenye Jumatano ya kwanza ya Agosti alikuwa ameweka alama ya kuuliza, na pembeni makadirio ya lita 40 kwa bei tatu tofauti. Hakutumia kalamu ya bluu. Alitumia penseli, na kipande cha ufutio kilikuwa kinaning'inia kwa uzi kwenye msumari uleule wa kalenda. Mapigano yaliposimama tarehe 24 na pipa likarudi chini ya dola 70, alifuta bei mbili za juu. Ya tatu aliiacha, na alama ya kuuliza pia, mpaka Agosti ilipofika.